Divai ya Ezra na Kabati la Kaka Romanus

Hebu mwone anavyoingia. Ni Jumamosi ya mwezi wa saba, na Arusha imevaa ule ukungu unaoshuka kutoka Meru na kukaa juu ya mabati mpaka jua liamue kuutoa. Stendi kuu inanuka dizeli na mahindi ya kuchoma. Katikati ya wapiga debe na mabegi anakuja mwanamke mrefu, taratibu, sweta la kijivu limefungwa vifungo vyote, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Kitazame hicho kikapu. Hakina kitu isipokuwa kanga ya zamani aliyoitandika ndani na kuilainisha, kama mtu aliyekuja kupokea mtoto mchanga. Wengine wote pale wana mizigo. Yeye amekuja na nafasi ya kuwekea mzigo.

"Mama Divai huyo," anasema mpiga debe mmoja.

"Mwambieni ya leo inakuja na ndege," anadakia mwenzake.

"Chekeni," anawajibu bila kusimama. "Siku ikifika nzima sitawapa hata harufu."

Huyo ndiye Pudensiana. Kule Moshono, alikokuwa na duka dogo, watu walimwita dada Puden. Alikuwa amevuka arobaini, hakuwa ameolewa, na asubuhi ile alikuwa amefunga duka ili aje kupokea chupa moja ya divai kutoka Dodoma. Unaweza kusema, divai tu? Mjini ilikuwa imejaa. Ilikuwa enzi ya ruksa, milango ya nchi imefunguliwa, na maduka ya katikati ya Arusha yalipanga divai za Afrika Kusini kama yanavyopanga sabuni. Wifi yake Joyce, mke wa kaka yake, alishamletea moja ya boksi, ile yenye kibomba. Pudensiana akaionja kwa adabu, akasema ni nzuri, akamrudishia.

"Sasa ina kasoro gani?" Joyce akauliza.

"Haina kasoro, wifi. Haina mtu ndani, basi."

Ili ulielewe hilo, twende nyuma kidogo.

Alizaliwa Kibosho, upande wa Kilimanjaro, kwenye nyumba ya Kichaga ambayo mbege, pombe ya ndizi, haikukosekana, na tangu mdogo aliweza kuonja na kusema hii ni ya jana, hii ni ya juzi. Alisomea kupiga chapa kwa masista. Alipomaliza, akapangiwa kazi Dodoma, katika ofisi ya kiwanda cha mvinyo. Zamani zile mtu hakuchagua, ulipangiwa ukaenda. Alilia njia nzima, maana alisikia kule hakuna migomba wala mlima. Ni kweli havikuwapo. Lakini kidogo kidogo akaipenda ile ardhi iliyo wazi, na ule mwanga usiojificha nyuma ya kitu chochote.

Wakulima waliokuja kiwandani kupima zabibu walipita dirishani kwake. Mmoja wao alikuwa Ezra, Mgogo wa Hombolo, mjane, Mwanglikana, mtu wa maneno machache na kofia moja. Zabibu nyingine alizipeleka kiwandani, nyingine alizibakiza akatengenezea divai yake mwenyewe nyumbani, kwa kujaribu na kukosea. Siku moja alileta kidogo ofisini, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi aliyoiosha. Wenzake Pudensiana walionja wakamsifu. Ilipofika zamu yake, Pudensiana akasema, "Inafanana na siki."

Ezra akaitazama chupa, halafu akacheka polepole.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nasubiri mtu wa kuniambia."

Ikawa desturi. Kila alipotengeneza, alimletea. Msimu uliofuata Pudensiana alimwambia, "Sasa ni siki iliyoomba msamaha." Msimu mwingine akamwambia, "Leo nimekunywa nikasahau kukunja uso." Ezra alikuwa akiyabeba maneno hayo kwenda nayo Hombolo kama mbolea. Naye Pudensiana, msimu wa mavuno ukikaribia, alikuwa akisuka nywele upya, na aliyemuuliza sababu alimjibu kwamba ni joto.

Kisha yakaja mageuzi. Wafanyakazi wakapunguzwa, na jina lake likawamo. Wazazi walishafariki, kwa hiyo kaka yake mkubwa, Romanus, ambaye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Arusha, alikuja mwenyewe Dodoma kumchukua. Ezra alikuja kumuaga kwenye basi. Alisimama na kofia yake, akasema:

"Ikikamilika nitakutumia, mpaka mlangoni kwako. Ukinywa uniambie. Usiponiambia wewe, mimi sitajua."

Pudensiana alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Akasubiri. Aliona kabisa kwamba nyuma ya maneno yale kulikuwa na mengine yamepanga foleni. Kondakta akapiga bati, Romanus akaita kutoka dirishani, Ezra akavua kofia. Yakaishia hapo.

Utaniuliza, kwa nini asimfuate? Nami nikuulize, unawafahamu watu wake? Mwanamke wa kwao hajipeleki. Anaulizwa, na swali linafika kwa ndugu zake kwanza. Hata akae Dodoma namna gani, hilo halimtoki.

Kwa hiyo alikaa Moshono akauza chumvi, viberiti, mafuta ya taa na tiketi za bahati nasibu, akasubiri chupa.

Chupa ya kwanza ilisafirishwa na kondakta aitwaye Bariki, Mmeru wa Akheri, mchangamfu, ambaye basi lao lilikuwa likipita Kondoa na Babati, barabara ya vumbi na mashimo kutoka mwanzo mpaka karibu na mwisho. Ezra alikuwa ameiziba mapema mno. Divai ilikuwa bado inachemka ndani kwa ndani. Walipofika kwenye kona za milima ya Kolo, jua kali, kizibo kikafyatuka kama risasi, abiria wakalala chini, na divai ikawamwagikia mama mmoja na mbuzi wake. Alichopokea Pudensiana siku ile ni chupa yenye mashapo mekundu chini, na kipande cha kamba ya katani shingoni. Aliinusa muda mrefu. Bariki akamwonea huruma.

"Kidogo kimebaki, dada. Lamba tu."

"Hapana. Ezra ana haki ya kuonjwa vizuri."

Ndipo alipoitwa Mama Divai. Neno alilotuma kurudi Hombolo lilikuwa moja tu: haijafika.

Sasa turudi kwenye hiyo Jumamosi yenye ukungu. Amefika kwenye basi, na Bariki anamlaki kwa furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Dada Puden, leo sitaki usumbuke. Imefika nzima. Nimeshampa bwana mmoja wa baiskeli akuletee mpaka nyumbani."

Pudensiana akauliza: "Umemwelekeza vipi?"

"Kama ulivyosema siku zote. Moshono, duka lenye mlango wa bluu."

Lo, maskini Bariki. Angejuaje? Moshono nyumba hazikuwa na namba wala njia hazikuwa na majina. Mtu alielekezwa kwa mti, kwa kanisa, kwa rangi ya mlango. Na wiki iliyotangulia tu, kampuni ya soda ilikuwa imepita na ndoo za rangi, ikapaka maduka yote bure ili yatangaze kinywaji chake. Wenye maduka walishukuru, naye Pudensiana alishukuru. Kutoka kanisani mpaka mtoni hapakubaki mlango wa bluu hata mmoja. Yote mekundu.

Alirudi mbio, kikapu kikimpiga gotini. Bwana wa baiskeli, alipoona wekundu mtupu, aliuliza kwenye duka la kwanza kama wanasubiri kinywaji kutoka mjini. Wale wakadhani ni zawadi ya kampuni kwa kukubali kupakwa rangi. Nani angekataa? Pudensiana alipofika, wanaume wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi, vikombe vya plastiki mkononi, na chupa imelala kwenye nyasi.

Hakugomba. Alikaa kwenye ncha ya benchi lile.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Tamu sana, dada Puden," akasema mmoja.

"Tamu vipi?"

"Tamu tu. Tamu ya bure."

"Ilikuwa kali mwanzoni, au mwishoni?"

"Mimi nilianzia katikati," akasema wa pili.

Alijaribu kuwachimba mpaka wakaanza kumkwepa. Ndimi nne zilikuwa zimepita juu ya kazi ya mwaka mzima ya Ezra na hazikubeba kitu. Jioni alipofunga ule mlango mwekundu, ilimwuma zaidi kwamba wale wameinywa bila kuijua kuliko kwamba wameimaliza. Akatuma neno lile lile: haijafika.

Mwaka ukapita. Mwezi wa kumi na moja, kabla mvua za kule hazijaanza, Bariki alisimama dukani kwake akiwa na uso usio na mzaha.

"Nimetoka kwa Ezra. Amesema kiwanda hakinunui tena, zabibu zinakaukia mitini. Amebakiwa na divai ya mwisho, ndiyo anayoiamini. Nitakuja nayo safari ijayo. Amesema uinywe umpelekee neno. Ikiwa nzuri, atahangaika nayo mwenyewe, atafute wanunuzi. Ikiwa mbaya, au isipofika tena, mvua zikianza anang'oa mizabibu yote anapanda mtama."

"Amesema hivyo?"

"Alisema akiwa ameshika jembe."

Pudensiana aliipanga upya mistari ya viberiti ambayo haikuwa imeharibika. Kisha akamwambia, "Usilete hapa. Wala usinipe stendi. Peleka kwa kaka yangu, Kimandolu. Nyumba ya Mangi Romanus kila mtu anaijua, ina ukuta na ina simu."

Mpaka leo ukimuuliza kwa nini alichagua nyumba ya kaka yake, atakuambia ni kwa sababu ya simu.

Divai ikafika Ijumaa mchana, nzima. Safari hii Ezra hakutumia chupa ya kawaida. Alikuwa amepata kwa mapadre chupa kubwa ya kioo, tumbo kama mtungi, akaivisha ukindu uliosukwa kwa mkono toka chini mpaka shingoni, na kifuniko akakifunga kwa kitambaa cheupe. Ilikuwa imependeza kama bibi harusi, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Romanus alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye sauti ya kuuzia misumari. Alikuta chombo kile mezani, akakizunguka mara mbili bila kukigusa. Pudensiana alipoingia, alimkuta amekaa kwenye kochi kubwa, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hiki kimeletwa na nani?"

"Na Bariki, kondakta."

"Bariki ni miguu. Nauliza mwenyewe."

"Ni rafiki yangu wa Dodoma. Mkulima."

"Mwanamume?"

"Mwanamume, kaka."

"Ameoa?"

"Ni mjane."

Romanus akamgeukia mkewe. "Joyce, umesikia? Mwanamume asiye na mke ametuma kinywaji, kimevishwa, kimefungwa kitambaa cheupe, kwenye nyumba ya kaka wa mwanamke ambaye hajaolewa. Halafu ananiambia rafiki."

Joyce alikuwa anaweka vyombo. "Wifi," akasema, "kumbe bado unatafutwa. Mimi nilidhani umeshapangiwa utawa."

"Ni divai ya kuonja tu," Pudensiana akasema. "Anataka nimwambie kama ni nzuri."

"Hakuna kinywaji cha kuonja tu kinachofika hivyo kwa kaka wa mtu," Romanus akajibu. Akafungua kabati la vyombo, lile la vioo lenye vitambaa vya kufuma, akasogeza sahani za wageni, akakiweka chombo katikati. Akafunga. "Nitamwita baba mdogo."

Baba mdogo Rodrick alifika Jumamosi, na koti lake na fimbo yake, akaketi mbele ya kabati kama anayetazama televisheni.

"Ametoka wapi huyu?"

"Dodoma, baba."

"Mgogo. Hao hawana ndizi."

"Wana zabibu," Pudensiana akasema.

"Zabibu zinapikwaje?"

"Hazipikwi, baba. Zinakamuliwa, zinaachwa."

"Kumbe ni wavivu." Akacheka mwenyewe, kisha akakaza uso, maana jambo lilikuwa kubwa. "Sikilizeni. Kinywaji kikiletwa hivi, hakiguswi mpaka aliyekituma aje na wazee wake, ajieleze. Na wewe, mwanangu, usikionje kwa siri. Ukikinywa mbele yetu kabla hajaja, maana yake umeridhia, umemaliza maneno yote, sisi hatuna tena la kuuliza. Unanielewa?"

"Nakuelewa, baba. Lakini yeye hajui mila yetu. Kwao kinywaji ni kinywaji. Kwao posa ni ng'ombe."

"Basi atafundishwa. Aje."

"Hatakuja, baba. Hajui kama ameitwa."

Hapo ndipo Pudensiana alipobanwa. Jumatatu asubuhi basi la Bariki lilikuwa linarudi. Asipokunywa, neno litakalofika Hombolo ni lile lile la siku zote, na jembe liko mkononi. Kama akinywa, atakuwa amemkubali, mbele ya ukoo mzima, mwanamume ambaye hajamwuliza kitu. Na hakuna wa kumpigia simu. Ile simu aliyoisifia ilikuwa pale ukutani, nyeusi, na Hombolo hakukuwa na waya wa kuipokea.

Siku ile alilala Kimandolu. Joyce alimkuta ameketi peke yake sebuleni, anatazama kioo cha kabati. Akakaa karibu naye, akaacha utani.

"Wifi, niambie ukweli. Yule bwana ametuma divai, au ametuma maneno?"

"Ametuma divai."

"Na wewe unasubiri nini?"

"Maneno," akasema.

Jumapili, baada ya misa, wakala chakula cha mchana. Baba mdogo alikuwapo, Romanus alikuwapo, Joyce alikuwa ameleta ndizi nyama. Nje mlima ulikuwa wazi kabisa, bila wingu, kama unavyokuwa siku chache tu. Walipomaliza kunawa, Pudensiana alisimama.

"Wifi, nipe glasi."

Joyce alimtazama mumewe. Romanus akaweka kijiti cha meno chini.

"Puden. Unajua unachofanya?"

"Najua, kaka."

"Huyu mtu hajafika hapa. Hajasema. Unaweza kunywa, na yeye kesho akaoa kwao, na wewe utabaki umejibu hewa."

"Naweza."

"Hutaki tumsubiri?"

"Nimemsubiri, kaka. Tangu siku uliyoniita dirishani kwenye lile basi nimekuwa nikimsubiri. Leo kuna mizabibu inayongoja, na yenyewe haijui mila."

Huenda Romanus alikumbuka dirisha la basi, huenda hakukumbuka. Alitoa ufunguo mfukoni akauweka mezani, si mkononi mwa dada yake, mezani tu, kama mtu aliyeudondosha.

Pudensiana akafungua kabati. Akafungua kitambaa cheupe akakikunja, akakitia kifuani. Akamimina. Divai ilitoka nyekundu nzito, na harufu ikajaa sebule, na kwa muda mfupi alikuwa dirishani kwake Dodoma, mashine ya chapa mbele yake, kofia ile inakuja.

Akanywa. Hakuonja, alikunywa, glasi yote, amesimama, macho wazi.

Ilikuwa imechacha. Siku mbili juu ya vumbi la mwezi wa kumi na moja, ndani ya buti la basi lililowaka kama tanuri, zilikuwa zimeigusa. Lakini chini ya ule uchachu, mbali kidogo, alikiona alichokuwa anakitafuta. Kilikuwepo. Kilikuwa kimekamilika kabla hakijaanza safari, na ladha yake ilikuwa ile ya ardhi ya Hombolo tone la kwanza la mvua linapoigusa. Alisimama akikisikiliza mpaka kikaisha ulimini.

"Basi nipe na mimi," Romanus akasema kwa sauti nzito. "Siwezi kumwachia mtu dada yangu bila kujua amenipa nini."

Akamiminiwa. Akanywa, uso ukamkunjana.

"Imechacha."

"Imechachia njiani," Pudensiana akasema.

Baba mdogo Rodrick naye akanyoosha kikombe. Alinywa polepole, akatafuna midomo. "Nimekunywa mbaya zaidi kwenye harusi yangu," akasema, na jambo likawa limepita.

Jumatatu, mwone tena anavyoingia stendi. Sweta lile lile, kikapu kile kile, kanga ile ile imetandikwa ndani. Wapiga debe wakamwona.

"Mama Divai, leo unapokea nini?"

"Leo natuma," akasema, akawapita.

Bariki alikuwa juu ya basi anafunga mizigo. Akainama kumsikia.

"Niambie, dada. Umeinywa?"

"Nimeinywa."

"Nimwambieje?"

"Mwambie imechachia njiani. Mwambie kosa si la mizabibu, ni la barabara. Asing'oe. Na mwambie divai ile haitumwi. Nimeinywa mbele ya kaka yangu."

Mikono ya Bariki ikasimama kwenye kamba. Nilikuambia ni Mmeru wa Akheri. Kwao nako kinywaji cha namna hiyo kina maneno yake. Alishuka mpaka chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Dada Puden. Hilo la mbele ya kaka, yeye hatalielewa. Nimweleze?"

"Usimweleze. Lifikishe lilivyo."

"Sasa akiuliza maana yake?"

Pudensiana alikitazama kikapu chake. Akaitoa ile kanga, akaikung'uta vumbi, akaikunja, akairudisha.

"Akiuliza," akasema, "mwambie basi lako lina viti."

Bariki akakubali kwa kichwa, hakucheka. Dereva akapiga honi. Basi likatoka taratibu likielekea magharibi, njia ya Makuyuni, Babati, Kondoa, mashimo yale yale, kona zile zile za Kolo, na safari hii lilibeba neno ambalo haliwezi kuchachia njiani ila linaweza kupotea. Pudensiana alibaki amesimama mpaka vumbi lilipotua.

Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, hebu jiweke kule Hombolo. Mawingu yameanza kukusanyika, jembe liko mkononi, mizabibu imesimama mbele yako imekauka majani. Bariki anakuja kwa miguu kutoka barabarani, anakuambia: imechachia njiani, using'oe, haitumwi, ameinywa mbele ya kaka yake. Wewe ni mtu wa maneno machache, na mila ya Wachaga huijui. Je, ungeuliza maana yake?